Kisiwa Kilichoacha Minazi

Mimi ni mzaliwa wa pwani, na baba yangu alitusomesha kwa nazi. Kwa hiyo wasomaji wataelewa jinsi nilivyoshtuka nilipomwona mlinzi wa kisiwa cha Cousin, huko Shelisheli, aking'oa mche wa mnazi uliochipua vizuri na kuutupa kando kama gugu.

Cousin ni kisiwa kidogo, eka 70 hivi, karibu na Praslin. Mashua ya wageni hairuhusiwi kufika ufuoni. Tulisimama majini, tukahamishwa mmoja mmoja hadi mashua ya walinzi, kisha nahodha akaiendesha kwa kasi hata ikapanda mchangani. Nami nakiri kwamba nilishika ubao kwa mikono miwili. Sababu ya taratibu hiyo ni panya. Kisiwani hawamo, na wakiingia watakula mayai na makinda. Yuko ndege mmoja mweupe pe, wa jamii ya membe, ambaye hajengi kiota kabisa: hutaga yai moja juu ya tawi tupu, akalilalia papo hapo.

Zamani msitu wa Cousin ulifyekwa, ikapandwa minazi kwa ajili ya mbata. Ndege mdogo mwimbaji, ambaye hula wadudu walio chini ya majani, akakosa makao. Katika miaka ya 1960 walikuwa wamebaki chini ya 30 duniani kote, na wote walikuwa hapo. Mwaka 1968 chama cha kimataifa cha kuhifadhi ndege kilikinunua kisiwa. Minazi ikapunguzwa, na miti ya asili ikaachwa iote tena. Kufikia mwaka 1982 ndege hao walizidi 300. Mwaka 1988 wengine 29 walipelekwa kisiwa cha Aride, nao wakazaana upesi, kwa kuwa wadudu walikuwa tele.

Nilimwuliza kiongozi wetu kama haoni uchungu kutupa mali namna ile. Akacheka. "Bwana," akasema, "mnazi unao kila kisiwa. Ndege huyu alikuwa na hapa tu."

Sikuridhika mara moja. Mbata ilikuwa fedha, na mkulima hali nyimbo za ndege. Lakini ada tuliyotoa sisi wageni ndiyo husaidia kuwalipa walinzi na kukitunza kisiwa. Na nilipohesabu vichwa katika mashua zetu asubuhi ile, nikalinganisha na bei ya nazi za baba, nilinyamaza.

Tulitembea kivulini, makobe wakubwa wakitupisha bila haraka, chini ya miti iitwayo pisonia ambayo mbegu zake hunata kama ulimbo, hata ndege wengine hunaswa manyoya wasiweze kuruka. Kabla ya kupanda mashua nilikuta mbegu moja imeganda kwenye soksi yangu. Mlinzi akainama, akaibandua, akairudisha chini ya mti wake.