Bastola ya shabaha: Usichague kwa macho, chagua kwa mkono

Msomaji, ukitaja bastola katika nyumba nyingi za mjini, watu huwaza mambo mawili tu: jambazi na polisi. Lakini kuna bastola ambayo haikutengenezewa kazi ya mmoja wala ya mwingine. Ni ile ambayo risasi yake ina upana wa milimita 5.6 tu, nembamba kuliko penseli. Huenda umeiona kwenye runinga wakati wa Olimpiki: mshindani amesimama kando, mkono mmoja mfukoni, wa pili umenyooka kuelekea duara jeusi lililo mita 25 mbele yake.

Labda una cheti cha kumiliki bunduki na ungependa kujiunga na walenga shabaha. Labda ni kaka yako aliyehamia Marekani, amekupigia simu akisema anataka kuinunua na hajui aanzie wapi. Bastola hizi ni nyingi, na muuzaji atakusifia zote. Je, utaijuaje ikufaayo?

Sheria kwanza, duka baadaye

Hapa Kenya, Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, haimruhusu mtu kununua wala kuweka bastola bila cheti kinachotolewa na Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki. Isitoshe, uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka wa 1977. Kwa hivyo kwetu sisi bastola hii ni ya mchezo, na mchezo wenyewe ni wa uwanja ulioidhinishwa, kama ule wa Kirigiti, Kiambu. Habari za kwenda nayo porini kutafuta sungura ni za nchi ambazo sheria zinaruhusu.

Nanyi wanafunzi mnaosafiri kwenda Marekani, sikilizeni kwa makini. Bunduki huuzwa madukani kule, na rafiki anaweza kukualika uwanjani Jumamosi kama anavyokualika kucheza mpira. Lakini sheria ya nchi nzima inamkataza aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo ikiwemo, kuwa na bunduki au hata risasi, isipokuwa awe katika kundi lililosamehewa, kwa mfano mwenye leseni halali ya uwindaji. Kuishika ya rafiki kunaweza kuhesabiwa kuwa kosa, na kosa hilo lina kifungo. Usiyapoteze masomo yako kwa mchezo wa nusu saa. Muulize wakili kwanza.

Kwa nini risasi ndogo?

Risasi hii ilianza kutengenezwa Marekani mwaka wa 1887, na hadi leo ndiyo wanayoanzia wanafunzi wengi wa shabaha. Tofauti yake na nyingine iko kitakoni. Risasi kubwa zina kifuniko kidogo cha fataki katikati ya kitako. Hii haina. Fataki yake imepakwa ndani ya ukingo unaozunguka kitako, na pini ya bastola huugonga ukingo huo. Ganda lake ni jembamba na bei yake ni nafuu. Haina kishindo cha kumfanya mwanafunzi afumbe macho kabla ya kufyatua.

Bastola tunayoizungumzia hujipakia yenyewe. Ukivuta kifyatulio mara moja, hutoka risasi moja. Nguvu ya mlipuko huitupa nje ganda tupu, na risasi nyingine hupanda kutoka kwenye magazini. Ukitaka ya pili, sharti uvute tena.

Mkono wako ndio fundi

Mwaka wa 1938, mwanajeshi wa Hungary aitwaye Károly Takács alilipukiwa na guruneti, na mkono wake wa kulia, aliokuwa akilengea shabaha, ukaharibika. Hakukata tamaa. Alijifundisha kutumia wa kushoto, akashinda dhahabu ya bastola ya mita 25 katika Olimpiki ya London mwaka wa 1948, kisha akairudia Helsinki mwaka wa 1952. Habari yake inatufunza kwamba mlenga shabaha hufanywa na mazoezi, na chombo kinatakiwa kuufuata mkono.

Kwa hivyo ukifika dukani, hakikisha kwanza bastola haina kitu, kisha ishike. Je, mpini umejaa kiganjani bila kukulazimisha kunyoosha vidole? Je, nyama ya ncha ya kidole cha shahada inakaa sawasawa juu ya kifyatulio? Kidole kisipofika, au kikipita mno, kila risasi itavutwa upande. Inyooshe kuelekea mahali salama alipokuonyesha muuzaji, uhesabu hadi thelathini. Mkono ukianza kutetemeka mapema, ni nzito kwako, hata ikiwa ndiyo nzuri kuliko zote kabatini.

Sasa kifyatulio chenyewe. Kizuri huvutika bila kukwaruza, kikaachia ghafla kama kijiti kikavu kinachokatika. Katika mashindano ya kimataifa ya mita 25, kifyatulio sharti kihimili uzani wa gramu 1,000 bila kuachia. Kinachohitaji nguvu nyingi humfanya mgeni atikise bastola nzima.

Ya uwanjani na ya porini

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kutaka bastola moja ifanye yote. Ya uwanjani hupendeza ikiwa nzito, kwa maana uzito hutuliza mkono. Mtutu wa sentimita 14 hivi hutenganisha vizuri alama mbili za kulengea, ya mbele na ya nyuma, na kadiri zinavyoachana ndivyo kosa la jicho linavyoonekana mapema. Alama ya nyuma iwe ya kurekebishika.

Ya porini, kwa wenzetu wanaowinda kindi na sungura, hubebwa kiunoni kutwa nzima. Hiyo iwe nyepesi, isiyoshika kutu upesi, na alama zake zisiwe za kunasa nguoni. Mwindaji mwungwana naye hajaribu mbali kuliko pale anapopiga bila kukosa, kwani risasi hii ndogo hujeruhi mnyama akaenda kufia kichakani.

Kwa majina, kampuni ya Ruger ilianza biashara mwaka wa 1949 kwa bastola ya aina hii, na mjukuu wake, Mark IV, akatoka mwaka wa 2016. Za awali zilisumbua watu kuzifungua ili kuzisafisha. Mark IV hufunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja. Lakini anayenunua iliyotumika aulize: zile zilizotengenezwa kabla ya Juni 1, 2017 ziliitwa kiwandani kwa sababu ya hitilafu ya komeo la usalama. Browning Buck Mark iko sokoni tangu 1985. Smith & Wesson Model 41, ya tangu 1957, ni ya shabaha hasa; ina uzito wa zaidi ya kilo moja na bei ya juu. Walther P22 ni fupi na nyepesi, hukaa vizuri katika mkono mdogo, ila kwa ufupi wa mtutu wake si ya kutafutia medali.

Ijaribu kwa risasi

Bastola hizi zina udhaifu wa kuchagua chakula. Moja hupenda risasi za mwendo wa kawaida, nyingine hukwama mpaka ipewe za kasi. Ukiruhusiwa, nunua pakiti za aina tatu au nne. Egemeza mikono juu ya mfuko wa mchanga, upige tano tano za kila aina kwa mita 25. Aina ambayo matundu yake yamekusanyika pamoja bila bastola kukwama ndiyo ununue kwa wingi.

Ukivuta kifyatulio na risasi isilipuke, usiigeuze bastola kuichungulia. Iache imeelekea shabaha kwa sekunde 30, kwani fataki inaweza kuchelewa, ndipo utoe magazini na risasi. Vaa miwani na vikinga masikio kila mara. Na usiivute ikiwa tupu kabla ya kusoma kijitabu chake, maana katika baadhi ya bastola hizi pini hugonga chuma na kuharibu mahali pa risasi.

Udogo usikudanganye

Nimeliacha hili la mwisho ili ulale nalo. Kwa kuwa haina kishindo, watu huiita ya watoto. La hasha! Risasi hii inaweza kuruka kama kilomita moja na nusu, na imeua watu wazima. Watoto nao huona haraka kuliko tudhanivyo. Wanajua funguo za kabati ziliko, na wanajua siku baba amesahau.

Kabla ya kulipia bastola, basi, lipia sefu ya chuma iliyofungwa ukutani. Bastola ilale ndani ikiwa tupu, risasi zifungiwe mahali pengine, na ufunguo usiwe wa kuning'inizwa msumarini. Ikiwa nyumba yako haina nafasi ya hayo, au mkeo au mumeo hajaridhika, ahirisha. Mchezo utakungoja. Risasi iliyokwisha kutoka haikungoji, wala hairudi.