Mtoto akijishika mapaja ili asimame, usiseme ni mvivu

Mzazi, umewahi kumwona mtoto wa kiume wa miaka mitatu au minne akiinuka kutoka sakafuni kwa kujishika magoti, kisha mapaja, kama anayejipanda mwenyewe? Wengi husema “ataacha akikua.” Wakati mwingine ni dalili ya Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli.

Ili kuuelewa, tuingie ndani ya seli. Protini hutengenezwa kwenye kiwanda kidogo kiitwacho ribosomu. Kinasoma maelekezo ya jeni herufi tatu tatu, na kila tatu zinaongeza kiungo kimoja kwenye mnyororo. Mwishoni kuna alama ya kituo: UAA, UAG au UGA.

Kazi ya kutambua alama hiyo ni ya protini iitwayo eRF1. Inaingia kwenye ribosomu na kuzipima herufi. Zikilingana, mwenzake eRF3 anatumia nishati ili eRF1 ikae sawasawa, ndipo mnyororo unaachiwa. Ni kama kondakta makini wa daladala: hagongi bodi mpaka aone kituo.

Sasa, kwa takriban mtoto mmoja kati ya kumi wenye Duchenne, herufi moja iliyobadilika imeweka kituo katikati ya safari. Hapo eRF1 haikosei. Inatii alama isiyotakiwa kuwepo. Distrofini, protini ya viungo 3,685 inayoikinga misuli inapojikaza, haikamiliki. Tena seli ina ukaguzi wake: maelekezo yenye kituo cha mapema mara nyingi huharibiwa kabisa. Kwa watoto wengine wengi, kipande cha jeni hiyo kimepotea.

Jeni hiyo iko kwenye kromosomu X, ndiyo maana wanaougua ni wavulana zaidi. Mama anaweza kuibeba bila kuumwa, lakini kwa karibu theluthi ya watoto hitilafu ni mpya. Kwa hiyo baba, mashemeji na mawifi, msimnyooshee mama kidole. Si laana, wala si uzembe wake.

Dalili nyingine ni kuchelewa kutembea, kuanguka mara kwa mara, kutembea kwa vidole na ndama za miguu kuwa nene. Ukiziona, mpeleke mtoto hospitali na uulizie kipimo cha damu cha CK. Tiba ya kuumaliza ugonjwa bado haipo, lakini dawa za steroidi na mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu humsaidia mtoto kutembea kwa muda mrefu zaidi. Kuwahi ndiko kunakompa miaka hiyo.