SUKARI KATIKA DAMU: ADUI ASIYEPIGA KELELE

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama uliye nyumbani: katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ya chuma, buti na mashimo yasiyo na nguzo. Leo tunasema juu ya hatari nyingine, ugonjwa wa sukari, unaoitwa pia diabeti.

Shimo likianguka, kila mtu anasikia. Sukari ikipanda katika damu, mara nyingi mwenyewe hasikii kitu. Anaendelea na kazi miaka. Kisha siku moja jiwe la volkano linamchoma mguu, na kidonda kinakataa kupona. Mguu ukikatwa, kazi inakwisha, na pesa ya masomo ya watoto inakosa mlipaji.

Je, ugonjwa huu unaweza kuzuiwa? Ile aina inayowapata hasa watu wazima, mara nyingi ndiyo. Mwaka 2002 waganga wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu 3,234 wenye uzito mkubwa, ambao sukari yao ilikuwa imepanda kidogo. Kundi moja lilifundishwa kupunguza uzito kwa sehemu 7 katika 100, na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa juma. Katika kundi hilo hatari ya kupata ugonjwa ilipungua kwa sehemu 58 katika 100. Dawa ya metformin peke yake iliipunguza kwa 31.

Lakini kule kila mtu alikuwa na mwalimu wake, na masomo 16 ya kwanza. Hiyo ni gharama kubwa. Baadaye Wamarekani wenyewe, katika mji wa Indianapolis, walijaribu kuwafundisha watu kwa vikundi, na walimu hawakuwa waganga. Watu walipunguza uzito vilevile. Basi sisi wa Goma tusiige kila kitu. Tushike shina la fundisho, tulipande katika udongo wetu.

1. CHUNGU KIMOJA. Nyumbani sinia ni moja na watu ni wengi. Mama hawezi kumpikia baba chakula chake peke yake. Badilisha chungu cha wote: bugali ipungue, sombe, lengalenga na kabichi za Kibumba ziongezeke, na maharagi au sambaza wa ziwani wawepo. Mafuta yawe kidogo.

2. KINYWAJI. Chupa moja ya sukre ina sukari ya vijiko 7 vya chai, au zaidi. Kiu huondolewa na maji yaliyochemshwa. Chai, punguza kijiko kimoja kila juma; ulimi utazoea. Bia na kasiksi, usizifanye chakula cha jioni.

3. KUTEMBEA. Anayechimba, anayesukuma chukudu, au mama anayebeba bidoni la maji, huyo amekwisha kufanya mazoezi. Somo hili ni la dereva, karani na mlinzi anayekaa kitini. Tembea upesi dakika 30, siku 5 kwa juma. Tembeeni wawili watatu, mchana, kwa njia mnayoijua. Usalama wa mji usisahauliwe.

4. KAMBA. Huna mizani? Pima urefu wako kwa kamba, kisha uikunje mara mbili. Ikishindwa kuzunguka kiuno chako penye kitovu, nenda ukapimwe damu. Asubuhi kabla ya kula, kipimo cha 126 au zaidi, kikirudiwa na kupatikana tena, ni ugonjwa.

Jihadhari na jambo moja. Si kila mgonjwa ni mnene. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Diabeti lilikubali kwamba kuna aina inayowapata watu wembamba waliokosa chakula cha kutosha, hasa utotoni. Katika Kivu, ambako vita vimewafukuza watu wengi mashambani mwao, neno hili linatuhusu. Mtu mwembamba asiambiwe afunge kula! Yeye anahitaji chakula bora na munganga.

Ukiona kiu isiyokwisha, mkojo wa mara kwa mara, kukonda bila sababu, macho yenye ukungu au kidonda kisichopona, usingoje. Nenda dispansari. Na wewe uliye mgonjwa tayari, usiache dawa kwa sababu umeanza kutembea. Kila jioni osha miguu, ukague nyayo na katikati ya vidole. Kung'uta buti kabla ya kuvaa. Usitembee pekupeku juu ya mawe yetu makali.

Mama, kamba iko nyumbani. Mpime baba jioni ya leo, na wewe ujipime. Mfanyakazi mwenye busara hukagua nguzo kabla ya kuingia shimoni. Mwili wako ndio nguzo ya nyumba yako: ukague ungali umesimama.