Kiongozi wa Kesho Hujifunzia Wapi?

Vijana ni viongozi wa kesho. Maneno haya sisi tuliopita miaka arobaini tumeyasikia tangu tukivaa kaptura za shule. Lakini waliotuambia hivyo hawakutueleza kiongozi hujifunzia wapi kazi yake. Seremala hujifunza kwa kushika randa na dereva kwa kushika usukani. Kiongozi je?

Leo natazama mtaa wa Mathare, Nairobi. Huko mwaka 1987 kilianzishwa chama cha michezo cha vijana, MYSA, kwa juhudi za Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi jijini. Vijana walitaka mpira. Mtaa nao ulikuwa umejaa taka, mitaro imeziba na watoto wakiugua kwa uchafu. Basi mambo haya mawili yakafungwa pamoja: anayetaka kucheza, naye autumikie mtaa wake.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Timu iliyoshinda mechi ilipata pointi 3. Timu iliyotoka na reki na makoleo ikamaliza zamu yake ya usafi ilipata pointi 6, na pointi hizo ziliingia katika msimamo ule ule wa ligi. Kwa hiyo timu hodari wa mabao lakini mvivu wa kazi haikuweza kuwa bingwa.

Hebu fikiria nahodha wa miaka kumi na miwili. Siku ya usafi lazima awaamshe wenzake, agawe vifaa, amtulize anayenung'unika na ahakikishe hakuna anayetoroka. Hana fimbo wala mshahara wa kuwapa. Ana ulimi wake na mfano wake tu. Huo, ndugu yangu, ndio uongozi, na hakuna semina ya hotelini inayoweza kuufundisha hivyo.

Jambo la pili ni kwamba vijana wenyewe walichaguana katika kamati za kuendesha ligi. Walipanga ratiba, wakawa waamuzi na makocha wa wadogo zao. Wasichana nao wakaanza kucheza mwaka 1992. Na kijana aliyejitolea zaidi alijikusanyia pointi za kushindania tuzo ya uongozi, ambayo ilikuwa karo, na iliyolipwa moja kwa moja shuleni.

Matunda yalionekana. Mwaka 1992 chama kilipewa tuzo ya Global 500 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Timu yake kubwa, Mathare United, iliundwa mwaka 1994, ikatwaa Kombe la Moi mwaka 1998 na ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008.

Sasa tugeukie vilabu vya mitaani kwetu. Katika vingi utakuta mwenyekiti ni mzee wa miaka hamsini, mweka hazina ni shemeji yake, na vijana kazi yao ni kuvaa fulana wakati wa kampeni na kumshangilia mgombea. Kisha tunashangaa kijana huyo akifika miaka thelathini hajui kuendesha mkutano, wala kushindwa kwa hoja bila kurusha kiti.

Najua wazazi watauliza: tukiwapa watoto daftari la fedha, si watazila? Huenda mmoja akajaribu. Lakini daftari likisomwa mbele ya wanachama wote kila Jumamosi, shilingi mia mbili zilizopotea zitaulizwa na wenzake wa rika lake. Afadhali mtu ajifunze aibu hiyo akiwa na miaka kumi na minne na shilingi mia mbili, kuliko kujifunzia mahakamani akiwa na mamilioni ya umma.

Wewe mlezi wa klabu, huhitaji mfadhili ili uanze. Wape vijana daftari, filimbi na ratiba. Uwekwe muda wa kila cheo, ili kila mmoja aonje kuongoza na kuongozwa. Wape kazi moja ya mtaa wanayoweza kuimaliza: mtaro, kisima au uwanja wenyewe. Kisha kaa kando, uwe wa kuulizwa, si wa kuamuru.

Samaki mkunje angali mbichi. Tukutane wiki ijayo.