Kabati Lililokula Feza ya Masomo



Mji wetu wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na tangu hapo umekuwa mji wa watu wanaokuja na watu wanaokwenda. Anayehama hawezi kuchukua kila kitu. Huuza kitanda, meza, viti na kabati, tena kwa haraka, kwa bei ndogo. Fundi apitaye njiani huona chombo kilichovunjika mguu, naye husema moyoni: «Nikikinunua, nikikitengeneza, nikikipaka vanishi, nitakiuza kwa bei mara mbili.»

Sisi nasi tulisema hivyo. Sisi ni mwalimu. Randa na msumeno tulifundishwa kushika tungali wanafunzi. Tangu mwaka 2019 shule za msingi za serikali zimetangazwa kuwa za bure, lakini shule za sekondari wazazi wangali wanalipa, na binti yetu mkubwa alikuwa amekwisha ingia sekondari. Basi tulitafuta kazi ya Jumamosi ili kuongeza mshahara. Leo twataka kuwasimulia namna kabati moja lilivyotufundisha hesabu, ijapokuwa hesabu ndiyo tunayoifundisha kila siku darasani.

Faida ya dola 55

Kabati hilo lilikuwa la mvule, refu, lenye milango miwili. Tulilinunua kwa dola 40. Tukaliuza kwa dola 95. Tukarudi nyumbani tukiimba, tukamwambia mama wa watoto: «Tumepata faida ya dola 55!»

Yeye hakuimba. Alituuliza kwa upole: «Baba, kama tumepata faida, mbona mtoto amerudishwa nyumbani?»

Ni kweli. Asubuhi ile ile binti yetu alikuwa amerudishwa kwa kukosa feza ya masomo. Feza ile tuliitia katika kabati, tukiamini ya kuwa itarudi imezaa. Mtoto alikuwa ameketi uani, sare yake ya shule ikiwa imekunjwa vizuri kando yake, akisugua kwa msasa kiti kingine tulichokuwa tumenunua. Hakulalamika. Kunyamaza kwake kulituuma kuliko malalamiko.

Usiku ule tuliwasha taa, tukamwita binti yetu, tukampa daftari na kalamu. Tukataja kila kitu, naye akaandika:

Nauli ya kwenda kuliona kabati mara mbili: dola 2.
Mkokoteni wa kulileta nyumbani: dola 6.
Msasa, gundi, misumari na skurubu: dola 7.
Bawaba mbili na kitasa: dola 6.
Mbao mpya za mgongo, kwa kuwa za zamani zililiwa na wadudu: dola 8.
Vanishi: dola 9.
Ujira wa kijana aliyetusaidia: dola 10.
Mkokoteni wa kulipeleka kwa mnunuzi: dola 5.

Akajumlisha: dola 53. Katika dola 55 tulizoziita faida, zilibaki 2. Kisha mtoto akauliza: «Na randa je? Si mliinunulia kisu kipya?» Tukakubali kuweka dola 3 kwa ajili ya vyombo vya kazi vinavyochakaa. Basi hatukupata faida hata kidogo: tulipata hasara ya dola 1. Tena tulikuwa tumefanya kazi Jumamosi 5, saa 5 kila mara, yaani saa 25, bila ujira wowote.

Na bado kulikuwa na jambo la mwisho. Mnunuzi alitoa dola 60 tu siku ile. Zile 35 alizilipa kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Feza iliyo katika mfuko wa mtu mwingine hailipi shule.

Gharama zinazojificha

Wapenzi, gharama kubwa haijifichi. Bei ya kununua kila mtu huikumbuka. Zinazojificha ni zile ndogo, kwa kuwa hutoka mfukoni moja moja. Haba na haba hujaza kibaba, lakini haba na haba hukimaliza kibaba pia.

Ya kwanza ni gharama ya kutokujua mbao. Kabla ya kununua, pindua chombo, utazame chini na nyuma. Ukiona vitundu vidogo na unga laini unaomwagika, jua kwamba wadudu wangali wanakula ndani. Ukiona mbao za vumbi lililogandishwa kwa gundi, uliza kama ziliwahi kulowa: mbao za namna hiyo zikivimba kwa maji hazirudi hali yake, wala skurubu haishiki tena. Mbao za mti mzima zaweza kukaushwa na kunyoshwa, zile haziponi.

Ya pili ni gharama ya majira. Mti hata ukikatwa haukomi kunywa hewa. Wakati wa mvua mbao hutanuka kwa upana. Wakati wa kiangazi husinyaa. Mlango uliochongwa ukaingia vizuri mwezi wa nane waweza kukwama mwezi wa kwanza, na mnunuzi atakuita urudi uutengeneze bure. Tena vanishi wakati wa mvua hukauka polepole, na chombo hukaa siku nyingi kikiwa hakiuziki.

Ya tatu ni gharama ya mahali. Kabati lililosimama barazani miezi miwili limechukua nafasi ya watoto kusomea. Likinyeshewa, kazi huanza upya.

Ya nne ni gharama ya afya, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa liliandika vumbi la mbao katika orodha ya vitu viletavyo kansa kwa binadamu. Rangi za zamani nazo mara nyingi zina risasi, na risasi hudhuru akili za watoto. Tulipoyasoma hayo tulimkumbuka binti yetu akisugua kiti uani bila kitambaa puani, tukaona haya. Tangu siku ile mtoto hashiki msasa katika nyumba yetu. Sisi wenyewe hufunika pua na mdomo, hulowesha rangi ya zamani kabla ya kuikwangua, na hufanya kazi mbali na jiko. Na vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani havirundikwi penye kona: huweza kuwaka moto vyenyewe. Huanikwa kimoja kimoja nje mpaka vikauke.

Dawa yake ni kitabu

Mwaka 1494, huko Venezia, mtawa mmoja wa shirika la Mtakatifu Fransisko, Luca Pacioli, alipiga chapa kitabu kikubwa cha hesabu. Ndani yake alieleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika kila jambo mara mbili: upande mmoja kinachoingia, upande wa pili kinachotoka. Hakuibuni yeye njia hiyo, bali aliieleza ili wengi waijue. Hata leo maofisi makubwa hufuata msingi ule ule. Basi kama matajiri wa Venezia waliona haja ya kuandika, sisi wenye randa moja tunajivunia nini tukisema, «Yote tunayakumbuka kichwani»?

Katika nyumba yetu kila chombo sasa kina ukurasa wake. Na kabla ya kununua tunafanya hesabu kwa kurudi nyuma. Tazameni mfano. Meza moja twatumaini kuiuza kwa dola 70. Vifaa na mkokoteni vitachukua dola 22. Saa 15 za kazi, kwa dola 1 kila saa, ni dola 15. Vyombo kuchakaa, dola 3. Akiba ya hitilafu isiyotazamiwa, dola 5. Jumla ni dola 45. Toa 45 katika 70: zabaki 25. Hiyo 25 ndiyo mwisho wa bei yetu. Mwenye meza hiyo alitaka 35. Tulimshukuru, tukaondoka. Zamani tungaliona tumepoteza bahati. Sasa twajua tumeokoa dola 10.

Mwaka 2003 wafanyakazi wa Gécamines zaidi ya 10,000 waliacha kazi kwa hiari, kila mmoja akipewa kiasi cha feza. Wengine walifungua biashara ndogo ndogo, na nyingi hazikudumu. Hatudai kwamba sababu ilikuwa moja. Lakini asiyejua gharama ya kitu anachouza hawezi kujua siku mtaji wake ulipoanza kufa.

Kwa hiyo twawashauri mambo matatu. Andikeni kila siku, si mwisho wa mwezi. Wekeni feza ya kazi mbali na feza ya nyumba, kila moja katika kopo lake, wala moja isiikopeshe nyingine pasipo mume na mke kukubaliana. Na jiandikieni ujira wenu, kwa maana mtu asiyehesabu jasho lake hujiibia mwenyewe.

Binti yetu alirudi darasani baada ya majuma mawili, kwa mkopo tulioomba kwa ndugu. Majuma hayo mawili hayamo katika ukurasa wa kabati, kwa kuwa hatukujua tuyaandike kwa bei gani. Kitabu chetu sasa anakitunza yeye. Kila Jumamosi jioni hukileta mezani, hukifungua mbele ya mama yake, nasi twasomewa hesabu yetu kama mwanafunzi anavyosomewa alama zake.