Chai ya Mlo na Damu ya Mama Mjamzito

Sahani ya ugali, maharagwe na sukuma wiki, na kando yake kikombe cha chai ya maziwa. Ndio mlo wa jioni katika nyumba nyingi za kaunti yetu, na ni mlo mzuri. Hata hivyo, wako akina mama wajawazito wanaokula hivyo kila siku na wakipimwa kliniki wanaambiwa damu yao iko chini. Sababu mojawapo huwa ni kikombe hicho. Ili kuielewa, tufuate chakula kinavyosafiri mwilini.

Mdomoni meno husaga, na mate huanza kuvunja wanga wa ugali kuwa sukari. Utafune ugali kwa muda bila kuumeza na utausikia ukianza kuwa mtamu. Tumboni chakula hukandwa pamoja na asidi kali, ambayo pia huua vijidudu vingi, na protini ya maharagwe huanza kuvunjika. Baada ya saa kadhaa huwa kama uji mzito.

Mpaka hapo, karibu hakuna kilichoingia kwenye damu. Kazi kubwa iko kwenye utumbo mwembamba, mrija wa takriban mita 6 uliojikunja tumboni. Kongosho humwaga humo vimeng'enya vya kumalizia kuvunja wanga, protini na mafuta. Nyongo inayotoka kwenye ini hufanya kazi kama sabuni kwenye sufuria: huyatawanya mafuta yawe matone madogo. Ndiyo maana sukuma wiki iliyokaangwa kwa mafuta kidogo ina faida kuliko iliyochemshwa tupu, kwani vitamini A inayotokana na mboga huhitaji mafuta ili ifyonzwe.

Ukuta wa ndani wa utumbo huu umejaa vijinyuzi vidogo mno, mfano wa taulo, na kila kimoja kina mishipa ya damu. Hapo ndipo sukari, protini iliyovunjwa na madini hupenya kuingia kwenye damu. Kisichopenya huendelea hadi utumbo mpana, maji yake hufyonzwa, na mabaki hutoka kama choo.

Sasa turudi kwenye kikombe. Mwili hutumia madini ya chuma kutengeneza ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Chuma cha nyama hufyonzwa kwa urahisi, lakini cha mboga, maharagwe na nafaka hupenya kidogo tu. Majani ya chai yana tanini, ambayo hukishika chuma hicho ndani ya utumbo, na kilichoshikwa hakipenyi. Kikombe kimoja kikinywewa pamoja na mlo kinaweza kupunguza chuma kinachofyonzwa kwa zaidi ya nusu. Kahawa ni vivyo hivyo, na kuongeza maziwa hakusaidii.

Hatusemi watu waache chai, nani angetusikiliza? Ingoje angalau saa moja baada ya kula. Kwenye mlo wenyewe weka chungwa, embe, au kachumbari iliyokamuliwa ndimu, kwa sababu vitamini C hukirahisishia chuma cha mboga kupenya.

Mama mjamzito hupewa vidonge vya chuma na asidi ya foliki bila malipo katika vituo vya afya vya umma. Vimezwe kila siku kwa maji, si kwa chai. Choo kinaweza kuwa cheusi, na wengi huviacha kwa hofu hiyo. Ni chuma kisichofyonzwa kinachotoka, basi. Vikikuletea kichefuchefu, zungumza na muuguzi kabla ya kuviacha.

Safura nao wanaishi kwenye utumbo huohuo. Hung'ata ukuta wake na kunyonya damu, kwa hivyo dawa za minyoo zikiletwa shuleni, mzazi amruhusu mtoto anywe.

Uchovu usioisha, kizunguzungu, kuishiwa pumzi kwa kazi ndogo, au weupe ndani ya kope za chini ni sababu ya kwenda kupimwa damu. Vilevile hamu ya kula udongo au yale mawe laini yanayouzwa sokoni. Wajawazito wengi huiona kuwa mambo ya mimba tu, lakini mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma, na udongo wenyewe huzuia chuma kufyonzwa.