Intaneti Haitoki Mbinguni

Nikiwauliza wanafunzi wangu wa kompyuta hapa Mombasa intaneti inatoka wapi, wengi huelekeza kidole juu. Zamani wangepatia: kabla ya 2009 Kenya ilitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 angani, na ombi kwenda na jibu kurudi vilikula karibu nusu sekunde. Mwaka ule mikongo ya SEACOM na TEAMS ikafika ufukweni kwetu kupitia chini ya bahari. Ndani yake mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na mwanga hupita humo kilomita 200,000 hivi kwa sekunde.

Picha unayomtumia shangazi aliye Muscat haisafiri nzima. Simu huikatakata vipande vidogo, kila kimoja na anwani ya kiendako. Vyaweza kupita njia tofauti na kufika shaghalabaghala. Kompyuta inayopokea huvipanga, na kilichopotea hutumwa tena. Hapo kiduara cha kusubiri huzunguka kwenye skrini, na watu hulaani simu isiyo na kosa.

Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika, intaneti ikasuasua Kenya na Tanzania. Mkongo ukikatika, meli huenda kuzivua ncha zake na kuziunga sitahani.